Ibn al-Nafis: Mwanachuoni wa Kishafii Aliyeufahamu Ukuta wa Moyo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika Imani, mwaka jana baada ya sala ya Alasiri alitujia mzee mmoja wa mtaani kwetu, akakaa nasi barazani muda mrefu bila ya kusema analolitaka. Mwisho akatueleza. Binti yake, ambaye amesoma chuoni kwetu tangu mdogo, amepata nafasi ya kusomea udaktari. Mama mtu na ndugu zake wote wamefurahi, lakini yeye halali usiku. Amesikia kwamba wanafunzi wa udaktari hupasua maiti ili wajifunze viungo vya mwili, na hapo anakhofu mambo mawili. La kwanza, kwamba jambo lenyewe ni haramu. La pili, kwamba mtoto akishazama katika elimu ile ataipa mgongo elimu ya dini. Pesa za kuanzia ameshazipata kwa tabu, lakini hazitoi mpaka apate jawabu.

Jawabu la hukumu tulimpa, na tutalieleza mwishoni mwa makala hii. Lakini tuliona kuwa hukumu peke yake haitomtosha, kwani khofu yake ya pili haitibiwi kwa kumwambia mtu hichi halali na hichi haramu. Kwa hivyo tulimsimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, aliyekuwa tabibu mkubwa na mwanachuoni wa fiqhi kwa madhehebu haya haya ya Imam Shafii tunayoyafuata wengi wetu visiwani. Tumeona bora tuyaandike, kwani mzee yule si peke yake mwenye khofu hiyo.

Kuzaliwa kwake na kusoma kwake

Jina lake ni Alaa al-Din Abu al-Hasan Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi, na watu wamemjua zaidi kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa katika nchi ya Sham, Damascus au jirani yake, na inakadiriwa kuwa ilikuwa mwaka 607 Hijria, yaani 1210 Miladia. Zama zake hazikuwa za raha. Majeshi ya Msalaba yalikuwa bado yanashikilia miji ya pwani ya Sham, na alipokuwa mtu mzima wa kiasi cha miaka khamsini Wamongolia waliivamia Baghdad na kuimaliza, mwaka 656 Hijria (1258). Tunaitaja hali hiyo ili vijana wetu wasidhani kuwa elimu hupatikana pale tu mambo yanapokuwa mepesi.

Damascus ilikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Mahmud Zangi, ikiitwa Bimaristani ya Nuri. Hospitali za Waislamu wa wakati ule zilikuwa pia ni skuli. Mwalimu hupita kwa wagonjwa na wanafunzi wake nyuma, kisha wote hukaa wakasoma vitabu na kujadiliana. Hapo ndipo Ibn al-Nafis aliposoma utabibu kwa mwalimu wake Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar, aliyefariki mwaka 628 Hijria. Mwalimu huyu aliitoa nyumba yake kuwa waqfu, igeuzwe madrasa ya kusomeshea utabibu. Tulikumbuke jambo hili, kwani tutakutana nalo tena.

Baadaye Ibn al-Nafis alihamia Misri, akafanya kazi katika hospitali za Cairo, akapanda daraja mpaka akawa mkuu wa matabibu wa nchi nzima. Na huko huko Cairo alishika kazi ya pili. Alisomesha fiqhi ya Kishafii katika madrasa iliyokuwa ikiitwa Masruriyya. Aliandika sherehe ya kitabu cha Tanbih cha Abu Ishaq al-Shirazi, ambacho ni katika vitabu vikubwa vya madhehebu. Aliandika pia juu ya misingi ya elimu ya hadithi, na aliandika kisa cha mtu aliyekulia kisiwani peke yake, akafikia kwa akili yake kumjua Mola wake na kuelewa kwa nini wanaadamu wanahitaji Mitume. Ndiyo maana Taj al-Din al-Subki alipokusanya tabaka za wanavyuoni wa Kishafii, alimtia Ibn al-Nafis pamoja nao. Hakumwacha nje kwa kuwa ni tabibu.

Watu wawili na kitabu kimoja

Hapa tusimame kidogo, maana mzee wetu alituuliza suala zuri. Alisema amewahi kusikia kwamba Imam Nawawi, Allah amrehemu, aliukimbia utabibu. Ni kweli, khabari hiyo imepokewa na mwanafunzi wake Ibn al-Attar. Imam Nawawi aliishi zama moja na Ibn al-Nafis, naye akasoma Damascus ile ile. Alipokuwa kijana ilimjia fikra ya kusoma utabibu, akanunua kitabu cha Qanun cha Ibn Sina. Siku chache zikapita akiona kiza moyoni mwake, hawezi kushughulika na lolote, mpaka akatambua sababu. Akakiuza kitabu, akatoa nyumbani kila kilichohusiana na elimu ile, na nuru ya moyo wake ikamrudia.

Watu wengi wanaishia hapo, wakadhani kisa hiki ni dalili ya kuuchukia utabibu. Lakini Imam Nawawi huyo huyo, katika utangulizi wa kitabu chake cha Majmuu, ameutaja utabibu na hesabu miongoni mwa elimu ambazo ni faradhi ya kutosheleza, kama alivyosema Ghazali kabla yake. Maana yake ni kwamba mji wa Waislamu ukikosa tabibu, dhambi ni ya wote walioweza kulitenda hilo wasilitende. Basi aliyoyaona moyoni mwake ilikuwa ni khabari ya njia aliyoandikiwa yeye, na hakuigeuza kuwa hukumu juu ya watu wengine.

Na tazameni hekima ya Allah. Imam Nawawi aliiweka mbali Qanun, na Ibn al-Nafis akaishika Qanun hiyo hiyo akaisherehesha. Na wote wawili wameandika juu ya kitabu kimoja cha fiqhi, Tanbih. Umma ulimuhitaji huyu na ulimuhitaji yule.

Moyo ulivyo

Ili tufahamu alichokifanya Ibn al-Nafis, lazima kwanza tuufahamu moyo wenyewe, huu wa nyama. Kila mtoto wa chuo amehifadhi hadithi ya sita katika Arubaini ya Nawawi, inayotaja pande la nyama ndani ya mwili, likitengenea mwili wote hutengenea na likiharibika mwili wote huharibika. Wanavyuoni wameizungumza zaidi kwa maana ya moyo wa imani. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kutupa mfano alichagua kiungo ambacho hata kwa maana ya mwili jambo hilo ni kweli.

Moyo wa mtu mzima ni kiasi cha ngumi yake, na uzito wake ni baina ya gramu 250 na 350 hivi. Kwa siku moja unapiga mara kama laki moja. Umekaa kifuani katikati ya mapafu mawili, ncha yake imelalia kushoto.

Ukuta wake haukuumbwa kwa kitu kimoja. Nje kabisa upo mfuko unaouzunguka moyo wote, uitwao perikadia. Sehemu ya juu ya mfuko huo ni ngumu kama ngozi, inauzuia moyo usitanuke kupita kiasi na inaushikilia mahali pake. Ndani ya mfuko mna utando mwembamba wa safu mbili, na baina ya safu hizo mna maji kidogo, vijiko vichache tu, yanayoufanya moyo uteleze kila unapopiga bila ya kusuguana na chochote. Mwenye chombo cha bahari anajua umuhimu wa kulainisha kila penye kusuguana. Moyo umelainishwa kabla hatujazaliwa.

Baada ya mfuko huo ndipo unapoanza ukuta wa moyo wenyewe, nao una tabaka tatu. Tabaka ya nje ni epikadia, ambayo ni ile ile safu ya ndani ya utando tulioutaja, imegandana na moyo. Chini yake mna mafuta kidogo na mishipa inayoulisha moyo. Tabaka ya kati ndiyo nene, nayo ni miokadia, yaani misuli. Misuli hii si kama ya mkono, ambayo hutembea unapotaka na hutulia unapotaka. Seli zake zimeshikana kama matawi, moja ikistuka na jirani yake inastuka, na amri ya kupiga inaanzia ndani ya moyo wenyewe, katika kipande kidogo kilichopo chumba cha juu cha kulia. Tabaka ya ndani ni endokadia, laini na nyororo, inayogusana na damu na kuzifunika pia vali za moyo. Ulaini huo una kazi kubwa, kwani damu ikipita penye mparuzo huelekea kuganda.

Ndani ya ukuta huo mna vyumba vinne, viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma. Upande wa kulia unapokea damu iliyokwisha tumika mwilini na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto unapokea damu iliyotoka mapafuni ikiwa na hewa safi na kuisukuma mwili mzima. Kwa kuwa mapafu yako jirani na mwili ni mkubwa, Muumba amekifanya chumba cha chini cha kushoto kiwe na ukuta mnene kiasi cha mara tatu kuliko cha kulia. Milango ni minne, yaani zile vali, kila mmoja unafunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Na baina ya kulia na kushoto pana ukuta unaotenganisha. Ukuta huu ndio uliompa Ibn al-Nafis jina lake katika taarikh ya dunia.

Kosa lililodumu miaka elfu moja

Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake aliishi tabibu wa Kigiriki aitwaye Galen, Waarabu wanamwita Jalinus. Alikuwa bingwa, na vitabu vyake vikawa ndiyo msingi wa utabibu kwa Wagiriki, kwa Warumi, kisha kwa Waislamu. Lakini katika zama zake kupasua miili ya watu hakukuruhusiwa, akapasua nyani na nguruwe. Alifahamu kwamba damu inatengenezwa katika ini, inaingia moyoni upande wa kulia, kisha sehemu yake inapenya kwenda kushoto kupitia matundu madogo katika ukuta wa kati, na huko inachanganyika na hewa. Matundu hayo hakuna aliyeyaona. Ilisemwa kwamba ni madogo mno hayaonekani.

Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake wote, alifuata njia hiyo hiyo katika Qanun, na akasema pia kuwa moyo una vyumba vitatu vya ndani. Karne zikapita. Kila aliyesoma alipokea, na kila aliyepokea alisomesha.

Ibn al-Nafis, akiwa bado hajafika miaka arubaini, aliandika sherehe ya sehemu za Qanun zinazozungumzia viungo vya mwili. Upo mswada wa kitabu hicho wenye tarehe ya mwaka 640 Hijria (1242). Alipofika kwenye moyo hakupita kama walivyopita wenziwe. Alisema waziwazi kwamba ukuta wa kati ni mzito na mgumu, hauna tundu linaloonekana kama walivyodhani baadhi ya watu, wala lisiloonekana kama alivyodhani Galen. Basi kama hapana njia hapo, na damu lazima ifike kushoto, ipite wapi? Akajibu kuwa damu inatoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa mpaka mapafuni, inatawanyika humo na kuchanganyika na hewa, inasafika, kisha inarudi kwa mshipa mwengine mpaka upande wa kushoto wa moyo. Hii ndiyo safari ndogo ya damu, baina ya moyo na mapafu, na yeye ndiye wa mwanzo tunayemjua kuieleza.

Hakuishia hapo. Alimrudi Ibn Sina katika idadi ya vyumba, akasema vya kusukumia damu ni viwili tu. Alieleza kwamba baina ya ile mishipa miwili ya mapafuni lazima pawe na vipenyo vidogo vya kuiunganisha. Vipenyo hivyo vilikuja kuonekana kwa hadubini mwaka 1661, alipoviona Marcello Malpighi wa Italia katika mapafu ya chura. Na alisema kuwa moyo haulishwi kwa damu iliyojaa vyumbani mwake, bali kwa damu inayopita katika mishipa iliyotandaa mwilini mwa moyo wenyewe. Jambo hili la mwisho linatuhusu sana leo. Mishipa hiyo ndiyo inayoziba kwa mafuta, na ikiziba sehemu ya misuli ya moyo inakosa chakula na kufa. Jamaa zetu wengi waliofariki ghafla kwa maradhi ya moyo, sababu yake huwa ni hiyo, na tumbaku, presha na sukari ndizo zinazoiharakisha.

Uadilifu unatutaka tuseme pia alipokosea. Hakuifikia safari kubwa ya damu, inayozunguka mwili mzima na kurudi. Hiyo ilielezwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Na bado alizungumza kwa lugha ya matabibu wa zama zake kuhusu roho inayotengenezwa upande wa kushoto wa moyo. Alikuwa ni mwanaadamu. Sisi hatuhitaji kumtia chumvi ili awe mkubwa.

Je, alipasua maiti?

Hili ndilo lililomgusa zaidi mzee wetu. Ibn al-Nafis mwenyewe, mwanzoni mwa sherehe yake, ameeleza kwamba kilichomzuia kupasua ni makatazo ya Sheria na huruma iliyomo katika tabia yake, na kwamba ataegemea maneno ya waliopasua kabla yake, khasa Galen, isipokuwa katika mambo machache. Lakini alipofika kwenye ukuta wa moyo anazungumza kama mtu mwenye hoja ya upasuaji mkononi. Watafiti wamekhitilafiana mpaka leo. Wapo wanaosema alipasua moyo wa mnyama, wapo wanaosema alifika kwa hoja na mazingatio ya unene wa kuta na upana wa mishipa, na wapo wanaodhani alificha.

Sisi hatuna haki ya kumdhania zaidi ya aliyoyasema. Kinachotutosha ni adabu yake. Aliuheshimu mwili wa mwanaadamu, na pamoja na heshima hiyo hakukubali kukiandika asichokiamini kwa sababu tu kimeandikwa na mkubwa. Taqlidi katika dini ina nafasi yake na mipaka yake, na yeye akiwa mwanafiqhi aliijua. Lakini ukuta wa moyo ni jambo la kutazamwa.

Tabia zake na mwisho wake

Waliomuandika wametaja kuwa alipotaka kutunga kitabu aliwekewa kalamu zilizokwisha chongwa, akaelekea ukutani, akaandika kwa hifadhi yake bila ya kufungua kitabu, na kalamu ikifutuka aliitupa akachukua nyengine ili asikatishe. Wanasimulia pia kuwa siku moja yuko hamamu, akatoka katikati ya kuoga, akataka wino na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa mpaka akaimaliza, kisha akarudi kuoga. Alikusudia kutunga kitabu kikubwa cha utabibu kiitwacho Shamil, cha mijalada 300. Alikamilisha 80, na baadhi yake ipo mpaka leo.

Katika miaka yake ya mwisho Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali iliyokuwa haina mfano. Inasimuliwa kuwa Qalawun, kabla hajawa sultani, aliwahi kuumwa akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za Bimaristani ya Nuri, akaweka nadhiri kwamba Allah akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akapewa, naye akatimiza mwaka 683 Hijria (1284). Ikaitwa Mansuri, ikawekewa waqfu mkubwa, ikawapokea tajiri na masikini, wanaume na wanawake, kila maradhi na sehemu yake.

Mwaka 687 Hijria Ibn al-Nafis, akiwa na umri wa kiasi cha miaka thamanini, aliugua siku sita. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya dawa. Alikataa. Hakutaka kukutana na Allah na kitu hicho kimo ndani ya mwili wake. Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 21 Dhul-Qaada, sawa na 17 Disemba 1288. Nyumba yake nzuri pamoja na vitabu vyake vyote alikuwa ameviweka waqfu kwa hospitali ya Mansuri. Mwalimu alitoa nyumba, na mwanafunzi akatoa nyumba.

Tazameni mtu huyu mkuu wa matabibu, hakuna aliyejua dawa kuliko yeye, na bado mbele ya mauti fiqhi yake ndiyo iliyomuongoza. Mzee wetu tulipofika hapa aliinamisha kichwa.

Kusahauliwa na kupatikana tena

Kitabu kile kilisahauliwa. Ulaya, Michael Servetus aliieleza safari ya damu ya mapafuni mwaka 1553, na Realdo Colombo mwaka 1559, na dunia ikawahesabu wao kuwa ni wa mwanzo. Kuna wanaosema khabari za Ibn al-Nafis ziliwafikia kupitia Andrea Alpago, Mtaliana aliyekaa Damascus miaka mingi na kufasiri baadhi ya maandishi yake kwa Kilatini. Kuna wanaosema kila mmoja alifika kivyake.

Mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, akiwa anasoma Ujerumani katika chuo cha Freiburg, alikuta mswada wa sherehe ile katika maktaba ya Berlin, akaandika utafiti wake juu yake. Tabibu na mtafiti wa Kijerumani, Max Meyerhof, akaitangaza khabari hiyo duniani. Kwa zaidi ya miaka mia sita karatasi zile zilikuwepo, na sisi wenyewe hatukuzifungua. Hilo ni la kutuliza zaidi kuliko kutufanya tujisifu.

Jawabu tulilompa mzee

Mwili wa mwanaadamu una heshima akiwa hai na akiwa maiti, na asili ni kwamba haukatwi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Lakini mafakihi wetu wa Kishafii wamesema tangu zamani kwamba mama akifariki na tumboni mna mtoto anayetarajiwa kuishi, tumbo hupasuliwa. Wametanguliza uhai kuliko heshima ya maiti pale mawili yanapogongana. Kwa msingi huo wanavyuoni wa zama zetu, pamoja na Baraza la Fiqhi la Makka katika kikao chake cha mwaka 1987, wamejuzisha kupasua maiti kwa ajili ya kusomesha udaktari, kwa masharti. Iwepo idhini ya marehemu kabla ya kufa au ya warithi wake, isipitwe haja, maiti wa kike apasuliwe na madaktari wa kike ila wasipopatikana, na viungo vyote vizikwe.

Kwa hivyo binti kusoma elimu hiyo kwa masharti hayo hakuna dhambi. Bali kwa hali yetu visiwani, ambapo wake zetu na mabinti zetu wanahitaji kutibiwa na madaktari wa kike, tunaliona kuwa ni katika faradhi ya kutosheleza ambayo bado hatujaitimiza.

Na tulimwambia jambo moja zaidi. Wapo watoto wanaozaliwa na tundu katika ukuta ule wa moyo, tundu ambalo Ibn al-Nafis alisema kuwa moyo mzima hauna. Mtoto tumboni huwa na kipenyo baina ya vyumba viwili vya juu, kwa kuwa hapumui bado, na anapozaliwa na kuvuta pumzi, kwa kudra ya Allah kipenyo hicho hujifunga. Lakini baadhi hakijifungi, na wengine huwa na tundu katika ukuta wa vyumba vya chini. Mtoto huyo huchoka akinyonya, hahemi vizuri, haongezeki uzito. Wazazi wengi huchelewa, wakidhani ni jicho la hasadi, mpaka hali inakuwa nzito. Anahitaji dua na anahitaji daktari aliyewahi kuuona ukuta ule kwa macho yake. Dua haizuii tiba wala tiba haizuii dua.

Mzee alinyamaza, kisha akaomba tumsomee Fatiha, akaondoka. Pesa alizitoa wiki ile ile.

Likizo iliyopita binti yule alirudi nyumbani, akaja chuoni kutusaidia kusomesha wadogo. Walipofika hadithi ya sita aliwachorea moyo ubaoni, vyumba vinne na ukuta wa kati, halafu akawasomesha maana ya hadithi kama alivyosomeshwa yeye. Hakuipa mgongo elimu yoyote.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Ibn al-Nafis na Imam Nawawi na wanavyuoni wetu wote, awaponye wagonjwa wetu, azitengeneze nyoyo zetu za nyama na za imani, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Aamin.

Wallahu aalam.